Majuto ya dukani hayaponywi dukani

Leo naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda hujawahi kulisikia likihubiriwa madhabahuni: tangi la samaki wa mapambo, lile la kioo linalowekwa sebuleni, na majuto ya wanaolinunua.

Usifunge gazeti kwa kuwa wewe huna tangi. Huenda una mbwa wa ulinzi, sungura wa watoto, au kasuku aliyenunuliwa siku ya mshahara. Somo ni lile lile, ila samaki hulifundisha haraka zaidi. Ukikosea kuchagua kabati, utaligundua kosa baada ya miaka. Ukikosea kuchagua samaki, kosa huelea juu ya maji baada ya siku tatu.

Kaa na watu wanaofuga samaki wa mapambo, uwaulize ni kitu gani walichonunua wakajuta. Kila mmoja ana orodha yake, na orodha hizo hufanana sana. Hebu tuzipitie kwanza, kisha tuone Neno la Mungu linatuambia nini.

Kununua kwa macho

Cha kwanza kwenye orodha si samaki, ni chombo. Ni lile bakuli dogo la kioo, la duara, linalopendeza pembeni mwa televisheni. Mnunuzi hudhani chombo kidogo ni mwanzo mwepesi, kumbe ni kinyume. Maji machache huchafuka upesi, hupata joto upesi na kupoa upesi. Tangi la lita 100 humsamehe mgeni makosa yake. Bakuli la lita 5 halisamehi.

Wa pili ni samaki wa dhahabu, ambaye ndiye hutiwa ndani ya bakuli hilo. Asili yake ni China, ambako amefugwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Dukani ana urefu wa kidole. Akitunzwa vizuri, yule wa kawaida hufikia sentimita 20 na zaidi, na anaweza kuishi miaka 10 hadi 20. Nchini Uingereza samaki mmoja aliyeitwa Tish, aliyepatikana kama zawadi ya mchezo katika maonyesho mwaka 1956, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Jiulize: siku ulipombeba samaki ndani ya mfuko wa plastiki, ulijua kwamba umebeba ahadi ya miaka mingapi?

Wa tatu ni yule anayeuzwa kama mfagizi. Wafugaji humwita pleko. Ni jamii ya kambare kutoka Amerika ya Kusini, mwenye ngozi ngumu kama ngao, anayejibandika kwenye kioo kwa mdomo na kulamba mwani wa kijani. Muuzaji atakuambia huyu atakusafishia tangi. Ni kweli anakula mwani, lakini hali kinyesi cha wenzake, na chake mwenyewe ni kingi. Pleko wa kawaida hununuliwa akiwa na sentimita 6, naye anaweza kufikia sentimita 40. Ulidhani umenunua mfagizi, kumbe umeleta mpangaji mkubwa kuliko nyumba.

Wa nne ni kambare wa mto Mekong, kule Asia, ambaye akiwa mdogo ana umbo la papa na huuzwa kwa jina hilo hilo la papa. Watoto humpenda mno. Akifikia utu uzima hupita urefu wa mita 1. Hakuna sebule ya kawaida inayomtosha.

Wa tano anasikitisha zaidi. Yupo samaki mdogo kutoka Asia ya Kusini ambaye mwili wake unapenya mwanga kama kioo, hata mifupa yake huonekana. Mungu amemuumba hivyo. Lakini wafanyabiashara waliona haitoshi, wakamchoma sindano za rangi, akawa na mistari ya waridi, ya kijani au ya bluu. Wengi hufa kwa majeraha na maambukizi. Wanaobaki hai hufifia rangi baada ya miezi. Mnunuzi hulalamika kwamba rangi imetoka, asijue kwamba alilipia jeraha.

Hata uzuri wa ziwa letu la Tanganyika umo katika orodha hii. Samaki wa ziwa hilo husafirishwa hadi kwa wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia. Yupo mmoja ambaye wataalamu humwita Tropheus duboisi. Akiwa mchanga ni mweusi mwenye madoa meupe, kama anga la usiku lenye nyota. Akikua, nyota hutoweka, kichwa hugeuka bluu na mkanda mweupe au wa njano huzunguka mwili. Aliyemnunua kwa ajili ya nyota hudhani ametapeliwa, kumbe samaki amekua tu. Tena huyu hula mwani wa miamba. Ukimlisha vyakula vya nyama kwa wingi, tumbo huvimba na hufa. Na maji ya Tanganyika ni magumu, yenye chumvichumvi za madini, wakati samaki wengi wa mto Amazon wamezoea maji laini. Ukiwaweka pamoja kwa sababu rangi zao zinaendana, lazima mmoja wao ateseke.

Mpendwa, umeona kinachounganisha orodha hii? Wote walinunuliwa kwa macho. Hakuna aliyeuliza kiumbe huyu atakuwa mkubwa kiasi gani, atakula nini, anataka maji ya aina gani, ataishi miaka mingapi. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, kinatuonyesha kwamba hata anguko letu lilianza kwa mama yetu Hawa kuutazama mti na kuona kwamba unapendeza macho. Macho si dhambi, Mungu ndiye aliyetupa. Lakini macho huona leo tu, na mnyama hununuliwa kwa kesho.

Maji maangavu yenye sumu

Sasa njoo tutazame kosa kubwa kuliko yote, ambalo huua samaki wengi wa wafugaji wapya. Mtu ananunua tangi leo, analijaza maji leo, na anaweka samaki kumi leo. Maji yanang'aa, taa inawaka, majirani wanasifu. Siku ya nne samaki wanahema juu ya maji. Siku ya sita nusu yao wamekufa.

Kilichotokea ni hiki. Samaki hutoa uchafu uitwao amonia, ambao ni sumu kwao. Mungu ameweka katika uumbaji wake vijidudu vidogo, yaani bakteria, vya kushughulikia uchafu huo. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo haina madhara makubwa, nawe huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Lakini bakteria hao hawauzwi pamoja na kioo. Hukua polepole kwenye chujio, kwenye mawe na kwenye changarawe, na kwa kawaida kazi hiyo huchukua wiki 4 hadi 6. Kabla ya hapo maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakawa sumu.

Angalia mwenye tangi anavyofanya samaki wakifa. Anaingiwa na hofu, anakimbia dukani kununua dawa. Dawa haisaidii, kwa kuwa tatizo halikuwa ugonjwa. Anamwaga maji yote. Analiosha chujio kwa maji ya bomba yenye klorini, na klorini inaua hata wale bakteria wachache waliokuwa wameanza kuota. Kisha anarudi dukani mara ya pili kununua samaki wengine kumi. Haraka haraka haina baraka. Kitabu cha Mithali 21:5 kinafundisha kwamba mawazo ya mwenye bidii huishia kwenye wingi, na mwenye pupa huishia kwenye upungufu.

"Tutanunua mwingine"

Hapa ndipo penye kiini cha tafakari yetu. Mtoto wako ameamka asubuhi, amekwenda kwenye tangi kabla ya kunywa chai, amemkuta samaki wake ameelea tumbo juu. Amekuja chumbani kwako analia. Wewe, kwa kuwa unampenda na hutaki alie, unasema maneno mawili tu: "Tutanunua mwingine."

Maneno hayo ni ya huruma, lakini yamefundisha nini? Yamemfundisha mtoto kwamba kilichokufa kilikuwa bidhaa. Yamemfundisha kwamba hakuna sababu ya kuuliza kwa nini amekufa, kwa kuwa jibu la kila kifo liko dukani. Na kesho atakapokuwa mtu mzima, akivunja urafiki, akiharibu kazi, akichoka na ndoa, moyo wake utakumbuka somo lile la sebuleni: hiki kimeharibika, tutatafuta kingine.

Mfugaji anapohesabu alichopoteza, ununuzi unaoumiza zaidi kwa kawaida si ule wa kwanza. Wa kwanza ulitokana na kutojua, na kutojua kuna dawa. Unaoumiza ni ule wa pili, uliofanywa ili kuyanyamazisha majuto ya ule wa kwanza. Majuto ya dukani hayaponywi dukani.

Bwana wetu Yesu aliwahi kuzungumza juu ya wanyama wadogo wanaouzwa kwa bei ya chini sokoni. Soma Mathayo 10:29, utaona shomoro wawili wakiuzwa kwa sarafu moja ndogo. Kisha soma Luka 12:6, utaona shomoro watano kwa sarafu mbili. Piga hesabu mwenyewe. Sarafu moja ni wawili, sarafu mbili ni wanne. Huyu wa tano ametoka wapi? Ni wa nyongeza. Muuzaji amemtupia bure ili mteja aondoke akiwa ameridhika. Hana bei kabisa. Na ni juu ya hao, pamoja na yule wa tano, Bwana anasema kwamba hakuna hata mmoja anayesahaulika mbele za Mungu.

Ukienda kununua samaki wa mapambo, utamkuta shomoro wa tano. Muuzaji atakuongezea kasamaki kamoja, "hako chukua tu, nyongeza." Nyumbani kakifa utasema haikuwa hasara, kwa kuwa hukukalipia. Mbele za Mungu kamehesabiwa. Bwana alisema hivyo ili kututia moyo kwamba sisi tu wa thamani zaidi kuliko shomoro wengi. Lakini faraja hiyo ina nguvu kwa sababu shomoro naye ana thamani. Kama yeye si kitu, basi kuwa zaidi yake si sifa kubwa.

Mpenzi wa Mungu aliyehuzunika

Huenda unasema mambo haya ni ya watu wasiomjua Mungu. Basi sikiliza habari za Philip Henry Gosse wa Uingereza, aliyeishi kati ya mwaka 1810 na 1888. Alikuwa mtafiti wa viumbe na Mkristo shupavu, aliyehubiri katika kusanyiko dogo la waumini huko Devon, kando ya bahari. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watazamaji, na Gosse alikuwa miongoni mwa waliochangia kazi hiyo. Mwaka 1854 alitoa kitabu chake kuhusu akwaria. Nia yake ilikuwa njema: watu wayaone matendo ya Muumba wakiwa majumbani mwao, wamtukuze.

Watu walikipenda kitabu, na kufuga viumbe wa baharini kukawa mtindo wa nyumba za Kiingereza. Kila aliyeweza alitaka tangi lake. Wakashuka ufukweni na ndoo na patasi, wakabandua viumbe kwenye miamba. Mwanawe, Edmund Gosse, katika kitabu alichochapisha mwaka 1907, alieleza jinsi vidimbwi vya miamba ambavyo baba yake alivisifia vilivyoporwa na jeshi la wakusanyaji, na jinsi baba huyo alivyotambua baadaye kwamba vitabu vyake vilichangia uharibifu huo, jambo lililomhuzunisha sana.

Tunajifunza nini hapa? Kwamba nia njema peke yake haitoshi. Unaweza kupenda uumbaji wa Mungu kwa moyo wote na bado ukauharibu, kama upendo wako unaishia kwenye kumiliki. Mwanzo 2:15 inatuambia mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi ya kutunza ilikuwapo kabla ya soko.

Majuto yenye matunda

Basi kama tayari umenunua na unajuta, ufanye nini? Biblia inatuonyesha majuto ya aina mbili wakati ule ule wa mateso ya Bwana. Yuda alijuta, akazirudisha fedha, akaenda kujiangamiza. Petro alijuta, akalia, akabaki, naye akapewa kazi ya kulisha kondoo. Na Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kuhuzunika. Alihesabu aliowadhulumu na kuahidi kuwarudishia mara nne. Toba ya kweli huwa na hesabu ndani yake.

Kwanza kabisa, usimtupe samaki wako mtoni, ziwani wala baharini ukidhani unampa uhuru. Mwaka 2021 mji wa Burnsville, jimbo la Minnesota nchini Marekani, uliwaomba wakazi wake waache kutupa samaki wa dhahabu ziwani, baada ya kukuta wamekuwa wakubwa mno na wanachafua maji kwa kuchimba tope la chini. Sisi wenyewe tunayo mfano wa magugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu waliyasambaza duniani kwa sababu ya maua yake mazuri ya zambarau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yalionekana Ziwa Victoria, na wavuvi wa Mwanza na Kisumu wanajua yalivyofunga njia za mitumbwi. Pambo la mtu mmoja liligeuka kilio cha wengi.

Pili, tafuta mahali panapomfaa. Samaki aliyezidi tangi lako anaweza kupelekwa kwa mfugaji mwenye tangi kubwa au bwawa la bustani lisilo na njia ya kutokea mtoni. Rudi kwa muuzaji umwombe ampokee, hata bila kukurudishia fedha. Hiyo ni hasara, lakini ni hasara yenye heshima.

Tatu, mtunze uliyebaki naye. Badilisha robo ya maji kila wiki, usimwage yote. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini kabla hayajaingia kwenye tangi. Sifongo la chujio lioshe kwa maji uliyoyatoa ndani ya tangi, ili bakteria wabaki hai. Lisha kidogo, kiasi wanachokimaliza kwa dakika chache, kwa kuwa chakula kinachobaki huoza na kuwa sumu. Umeme ukikatika, samaki hukosa hewa ya pampu, basi usiwajaze kupita kiasi. Mithali 12:10 inamhesabu mwenye haki kuwa ni mtu anayejali uhai wa mnyama wake. Angalia, haisemi anayempenda mnyama wake. Kujali huonekana kwenye ratiba ya Jumamosi asubuhi, ndoo ikiwa mkononi.

Nne, zungumza ukweli nyumbani. Wapo wanaoficha bei kwa wenzi wao. Tangi halina bei moja. Kuna stendi, kwa sababu lita 60 za maji ni kilo 60 kabla hujaweka mawe na kioo. Kuna chujio, taa, chakula, umeme wa kila mwezi, na hita kama unaishi kwenye baridi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na amani ya ndoa hupotea nayo. Luka 14:28 inamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza huketi na kuhesabu gharama. Neno la muhimu hapo ni kuketi. Dukani hakuna anayeketi. Rudi nyumbani, keti na mwenzi wako na watoto, hesabuni pamoja fedha, nafasi, muda na miaka. Mkiona haiwezekani, nendeni mkawatazame samaki mahali pengine, mrudi mkimshukuru Mungu mikono mitupu. Si kila kizuri alichokiumba Mungu lazima kilale nyumbani kwako.

Na mtoto akija tena akilia kwamba samaki amekufa, usikimbilie pochi. Keti naye mbele ya tangi. Mwambie ukweli kwa lugha yake: "Mwanangu, maji hayakuwa tayari, nasi tulikuwa na haraka." Mzikeni samaki chini ya mti. Pimeni maji pamoja, subirini wiki zinazotakiwa, hata kama tangi litabaki tupu na wageni watauliza. Tangi tupu linaloandaliwa kwa uvumilivu lina mafundisho mengi kuliko tangi lililojazwa kwa aibu.

Wiki hii, kabla hujanunua chochote chenye uhai, omba sala fupi: "Bwana, nisaidie kujua kitakachohitajika kwangu baada ya furaha ya leo kuisha." Kisha subiri siku saba. Kama ni jambo la Mungu, bado litakuwapo siku ya nane.

Nakutakia Jumapili njema na ibada yenye baraka. Mungu Baba, asiyemsahau hata shomoro wa nyongeza, akukumbuke wewe na nyumba yako. Amina.